Mabinti wa Abdallah

Mimi si mtu wa mikutano. Nimeuza mapazia ya mitumba Gikomba muda wa kutosha kujua kwamba watu wakiitwa ukumbini wakapewa viti vya plastiki, mwisho wake ni kuchangishwa. Kwa hiyo Hikma, jirani yangu wa kibanda, aliponiambia kuna chama kinachofundisha watu kutafuta ukoo wao, Jumamosi mchana, katika chumba kilicho nyuma ya maktaba kule Kaloleni, nilimwuliza ukoo umepotelea wapi hata utafutwe.

"Wako uko wapi?" akasema.

Nikakunja pazia ambalo nilikuwa nimeshalikunja. Hikma ananijua, na anajua pa kubonyeza.

Niseme jambo lenyewe mapema. Mama yangu, Bi Muhiba, amezaliwa Majengo, Pumwani. Upande wa baba yake unajulikana: aliitwa Zahoro, mpishi, Mmanyema wa Ujiji, na jamaa zake tunao mpaka leo, wengine hata tungependa wapungue kidogo. Upande wa mama yake ndio shimo. Bibi yangu aliitwa Zuhura binti Abdallah. Aliingia Nairobi msichana, enzi za Waingereza, akajenga nyumba ya udongo Majengo, akapangisha vyumba, akazaa mtoto mmoja, akafariki mimi nikiwa bado shuleni. Ukimwuliza ametoka wapi, alijibu, "Nimetoka mlangoni." Ukirudia swali ulikula kofi.

Sasa wewe kaa Eastlands bila kwenu uone. Hapa mtu akishajua jina lako, swali la pili ni kwenu wapi. Huyu atasema Siaya, yule Vihiga, yule Machakos. Desemba ikifika mitaa inabaki mitupu, watu wamekwenda ushago, vijijini kwao, na mikate na magodoro, na sisi tunabaki kulinda paka wa majirani. Mama alipokuwa mdogo wenzake walimwambia watoto wa Majengo hawana kwao, wameokotwa stesheni. Amezeeka na neno hilo. Mwaka juzi alipotoka hospitali, moyo ukiwa umemchezea, aliniambia huku akikunja kanga zake, sauti ya kawaida kabisa, "Kawsar, nisingependa kufa kabla sijajua mama yangu alikuwa mtoto wa nani."

Nikamwambia nitakutafutia. Mtu husema tu. Halafu zikapita mvua mbili sijatafuta kitu, na kila nikimwona akipanda ngazi za ploti yetu hapa Kariobangi huku ameshika ukuta, lile neno langu lilinirudia. Ndiyo maana nilikwenda Kaloleni na Hikma, nimenuna lakini nimekwenda.

Mwalimu wa chama aliitwa Lorraine. Anafundisha historia sekondari, mwembamba, sauti yake kubwa kuliko yeye. Alitusalimu, "Mambo, wazazi!" akaanza bila sala ndefu wala utambulisho wa wageni waheshimiwa, na hapo hapo nikampa alama moja.

"Anza na wewe mwenyewe," alisema. "Usianze na chifu. Kila mtu hapa anataka babu yake awe chifu. Anza na wewe, kisha mama yako, kisha mama yake, na pale unapokwama, usiruke. Kaa hapo hapo ulipokwama."

Alitufundisha kumhoji mzee. Usimwulize mzee habari, alisema, mwulize kitu. Ukimwambia nieleze maisha yako atakuambia zamani watu walikuwa na heshima, basi. Mwulize sufuria hii ilinunuliwa wapi, kovu hili ulilipata vipi, arusi ya fulani mlipika nini. Mwulize leo, umwulize tena wiki ijayo, uone ni kipi kimebaki na kipi kimehama. Na ukiandika, andika nani alisema. Mimi niliyekuja kubishana nilijikuta nasogeza kiti mbele.

Chamani kulikuwa na mzee Nahashon, mstaafu wa baraza la jiji, ambaye kila mkutano alitafuta sababu ya kusimama na kutaja mababu zake mmoja baada ya mwingine hadi kwa mtu aliyetoka Sudan kwa miguu. Alikuwa akifumba macho akitaja. Nilimwonea wivu. Na kulikuwa na mzee Kirwa, dereva wa treni wa zamani, anayekaa Makongeni katika nyumba za reli tangu ujana wake. Huyo aliketi dirishani, kofia magotini, hasemi kitu. Alisema tu siku ya kwanza kwamba wajukuu zake wanamwuliza maswali yanayomshinda.

Jumamosi ya tatu ilikuwa warsha ya kuchora. Tulipewa karatasi za manila na kalamu nene, kila mtu achore mti wake. Nikajiandika, nikamwandika mama, nikamwandika bibi: Zuhura binti Abdallah. Juu yake nikaandika Abdallah, nikakwama, nikakaa hapo hapo kama nilivyofundishwa. Nikachungulia karatasi ya Hikma. Bibi yake, Mwanaidi binti Abdallah, Majengo.

"Hikma," nikamwita.

Akatazama karatasi yangu. Akatazama yake. Nyuma yetu alikuwepo bwana mmoja wa Shauri Moyo, fundi wa masufuria, naye akanyanyua manila yake: Tatu binti Abdallah, Majengo, miaka ile ile.

Yaliyofuata hayaelezeki vizuri. Hikma alipiga kigelegele ndani ya maktaba. Miaka yote tumekaa kibanda kwa kibanda, tumegombana kwa ajili ya wateja, kumbe sisi ni damu moja! Fundi wa Shauri Moyo alilia waziwazi, mtu mzima na ndevu zake. Watu wakasimama kutupongeza. Nahashon akatupa mkono akasema mzee Abdallah lazima alikuwa dume la kweli kuwa na mabinti watatu mji mmoja, na mimi nikacheka nikajiona nina babu. Lorraine peke yake alikuwa amekunja paji. Alisema, "Subirini kidogo, tusikimbilie," lakini nani alimsikia? Soda zilikuwa zimeshaagizwa.

Nilipanda ngazi za ploti mbio. Mama alikuwa akichambua mchele. Nikamweleza yote kwa pumzi moja: babu Abdallah alikuwa na watoto wengine, mama ana watoto wa mama zake wakubwa na wadogo, wako hapa hapa, mmoja kila siku ananiazima mkasi.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Mkono wake uliendelea kuchambua mchele.

"Wamefurahi?" akauliza.

"Sana, mama. Yule bwana amelia."

"Basi waalike Jumapili waje wale."

Nikaona amelipokea kwa ubaridi kidogo, lakini nikasema labda ni moyo, daktari alikataza mshtuko. Jumapili wakaja. Mama alipika pilau kwa mikono yake, kachumbari, na ndizi za kuiva pembeni. Aliwapokea Hikma na yule fundi kwa kuwashika nyuso, akawaita wanangu, akamwongezea fundi nyama mara mbili. Walipoondoka, aliwafungia chakula cha kwenda nacho. Sijawahi kuona mezani kwetu furaha ya namna ile.

Halafu Lorraine akamleta Ustadh Aqil.

Ustadh alialikwa kuzungumza juu ya majina. Mtu mpole, anasomesha madrasa Pumwani, anaongea taratibu kama anayepima dawa ya mtoto. Alieleza majina ya Waswahili, ya nani huitwa kwa nani, bin na binti. Kisha akauliza, "Wangapi hapa wana bibi aliyeitwa binti Abdallah?"

Mimi, Hikma na fundi tukanyoosha mikono kwa majivuno. Ikanyooka na mingine. Mama mmoja wa Ziwani. Kijana mmoja aitwaye Austine, ambaye mama yake ni wa Majengo. Na mwingine, na mwingine.

Ustadh hakutabasamu. "Wazazi wangu, niwieni radhi," alisema. "Zamani msichana akija mjini kutoka bara, akasilimu, baba yake hakuwa Mwislamu na jina la baba halikutumika. Basi aliitwa binti Abdallah. Abdallah ni mja wa Mungu, na kila mtu ni mja wa Mungu. Mabibi zenu walikuwa na baba zao, kila mmoja na wake. Lakini mzee Abdallah mwenyewe, huyo hakuwepo."

Hikma alichukua mkoba wake akatoka bila kuniangalia. Fundi wa Shauri Moyo alibaki amenyoosha mkono, kama aliyesahau kuushusha.

Mimi ndiye niliyepiga kelele, na simwombi mtu radhi. Nilimwambia Lorraine chama chake kimetupa babu kisha kimemchinja mbele yetu, na kama hii ndiyo elimu, basi heri ujinga wangu ulikuwa na pilau. Lorraine aliacha nimalize. Kisha akasema, "Hukupoteza babu leo, Kawsar. Umepoteza kosa. Babu yako bado yuko pale pale alipokuwa."

"Wapi?"

"Hilo ndilo hatujui."

Niliondoka nikiwa sina hamu ya kitu. Kilichoniuma zaidi si mimi. Mama yangu, kila Alhamisi baada ya magharibi, husoma Yasini na kuwaombea waliotangulia kwa majina. Nimemsikia tangu nina akili: Zahoro bin fulani, Zuhura binti Abdallah, na Abdallah baba yake Zuhura, Mungu amweke pema. Umri mzima amemwombea mtu ambaye hakuwepo. Sasa mimi, niliyeahidi kumtafutia babu, ndiye nikampokonye hata huyo wa jina tu? Na moyo wenyewe ule?

Niliificha siku kadhaa. Mama aliniacha nihangaike, halafu akaniwekea chai mbele, akasema, "Sema. Unatembea nyumba nzima kama kuku anayetaka kutaga."

Nikasema. Nilisema taratibu, nikimwangalia mkono asishike kifua.

"Najua," mama alisema.

"Unajua nini?"

"Kwamba Abdallah hakuna. Mama aliniambia mwenyewe, siku niliyoolewa. Alisema, jina hilo nilipewa mlangoni nilipoingia mji huu, nami nimelishika kwa heshima."

"Kwa hiyo siku zote ulikuwa ukimwombea nani?"

"Baba yake mama yangu," alisema, kama mtu anayeulizwa jua linachomoza wapi. "Jina nilikosa mimi. Mungu hakulikosa."

"Na Hikma? Na yule fundi? Uliwapikia pilau, mama! Uliwaita wanangu!"

Hapo akakasirika. Ukali wangu sikuuokota barabarani. "Mwanaidi, bibi yake Hikma, ndiye aliyemshika mama yangu aliponizaa," alisema. "Tatu, bibi wa yule fundi, ndiye aliyemwosha alipokufa. Walikuja mji huu kila mmoja peke yake, hana mtu, wakapewa jina moja, na wao wakaamua kuliamini. Walizikana, Kawsar. Wewe ulidhani udugu ni nini?"

Nilimtazama yule mwanamke aliyenizaa, ambaye nilidhani namlinda, nikaona nimekaa naye muda wote huu bila kumjua urefu wake.

"Lakini bado nataka kujua," aliongeza, ukali umekwisha. "Abdallah nilikuwa najua hayupo. Yule aliyekuwepo ndiye ninayemtaka."

Basi nikarudi Kaloleni. Hikma pia alirudi. Nilimrudishia maneno ya mama yote, pale pale kibandani, akalia juu ya mapazia yangu ya hariri, na tangu siku hiyo ananiita binamu mbele za wateja na mimi naitika.

Jumamosi hiyo Lorraine alikuwa na somo jingine. Alisema kuna wazee waliokataa kusema na hawakuacha karatasi. Je, walinyamaza kweli? Mtu anaweza kuufunga mdomo, alisema, lakini mikono haifungiki. Kila mmoja atueleze jambo moja linalofanyika kwao ambalo hakuna anayejua sababu.

Nafula, muuza samaki wa Makongeni, alisema nyumbani kwao mgeni halali kabla hajaonja kitu cha nyumba ile, hata chumvi. Nahashon alitaka kurudi Sudan, akaambiwa akae. Zamu yangu ikafika, na nikasema la kwanza lililonijia, ili tu watu wacheke.

Niliwaambia kuhusu radi. Mvua kubwa ikija na ngurumo, bibi yangu Zuhura alikuwa akichukua shoka la kuni, analisugua jivu la mekoni, anasimama mlangoni, analirusha uani. Sisi watoto tulikuwa tukikimbilia chini ya kitanda, hatujui tuogope radi au tumwogope bibi. Mama naye, baada ya bibi kufa, hufanya vivyo hivyo. Bi Muhiba huyo asiyekosa swala, ukimwuliza anasema mama alifanya. Tulipohamia Kariobangi, ghorofa ya tatu, alikirusha kishoka kikaenda kutoboa karai la mwenye nyumba, wakapelekana mpaka kwa chifu. Siku hizi anakirusha hapo kwenye baraza mbele ya mlango, na majirani wote wanajua mvua ikinguruma wasipite.

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Austine akasema, "Huyo shosho ni noma!" Nami nikacheka nao.

"Anasema nini?"

Ilikuwa sauti ya dirishani. Mzee Kirwa alikuwa amesimama. Kofia yake ilikuwa imeanguka na hakuiokota.

"Nani, mzee?"

"Bibi yako. Akitupa shoka. Alisema neno?"

"Ndiyo," nikasema. "Alikuwa anaiambia radi inyamaze. 'Nyamaza, hapa ni kwetu.' Hivyo tu. Mama naye husema hivyo."

"Jivu kwanza, kisha kutupa?"

"Jivu kwanza."

Mzee Kirwa alisogea katikati ya chumba. Wale waliokuwa wakicheka waliacha, mmoja mmoja. Alisema maneno machache kwa Kinandi, polepole, na mimi sikuelewa hata moja, lakini mkono wake ulifanya vile vile. Ulisugua kitu kisichokuwepo katika jivu lisilokuwepo, ukarusha.

"Nimesema, radi, nyamaza nyumbani kwetu," alitufasiria. "Bibi yangu alikuwa akifanya hivyo, kule Nandi. Baba yangu pia. Si Wanandi wote. Ni ukoo wetu, Toiyoi. Kila ukoo una kitu chake, kuna wa simba, kuna wa nyuki. Sisi radi ni ya kwetu. Ndiyo maana haikimbiwi. Inaambiwa inyamaze, kama unavyomwambia mtu wa nyumbani."

Nilishika meza.

Mnisamehe, nitalisema kama nilivyolihisi. Nilimwona bibi. Nilimwona msichana ambaye sijui alikuwa na miaka mingapi, anaingia mji wa mabati na vumbi, anavuliwa jina, anavishwa jingine, anajifunza lugha, sala na upishi wa watu wengine mpaka hakuna awezaye kumtambua. Anafunga mdomo mpaka kaburini. Na kila masika, mbele ya mtaa mzima, anasimama mlangoni na kutangaza yeye ni nani. Alitukatalia kutuambia, na kumbe alituambia kila mwaka. Tulikuwa chini ya kitanda tumeziba masikio.

Nililia, na Hikma alinishika. Lorraine naye macho yalikuwa mekundu, lakini ualimu ni ualimu: aliniambia niandike, na mbele ya kila sentensi niandike "huenda". Huenda bibi alikuwa binti wa Toiyoi. Huenda alifundishwa na mpangaji au jirani. Niliandika huenda zote alizotaka. Kisha mzee Kirwa akaniomba namba ya simu.

Alipiga simu kwao muda mrefu. Alipata shangazi mmoja mkongwe aliyekumbuka kusikia, akiwa mtoto, kwamba palikuwa na mabinti waliofuata reli na hawakurudi. Wangapi, hakujua. Majina hakuyajua. "Tulikatazwa kuwataja," shangazi alisema, na mzee Kirwa aliponieleza hayo hakuniangalia usoni. Jina la baba yake Zuhura hatujalipata mpaka leo, na Lorraine anasema tujiandae kutolipata kabisa.

Nilimwambia mama vyote hivyo, pamoja na huenda zake. Kisha akauliza kama huyo mzee anakula pilau.

Mzee Kirwa alikuja Desemba, mitaa imeshaanza kuwa mitupu. Majirani zetu wawili walikuwa wameshafunga milango na kutuachia paka. Yeye mwenyewe alikuwa aende kwao Nandi wiki hiyo, akaahirisha. Alikuja amevaa suti ya zamani ya kahawia iliyopigwa pasi, mkononi kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando ya kwao, yaliyoletwa kutoka Nandi, kimefungwa vizuri. Alipanda ngazi akipumzika kila baada ya chache.

Mama alikuwa ameketi tangu asubuhi, buibui jipya, wanja machoni. Alikuwa mdogo kuliko kiti. Mzee Kirwa alisimama mlangoni, akavua kofia, hakuingia.

"Karibu," mama alisema. "Mwanangu amenieleza. Lakini mimi ni mtu mzima, napenda kujua naongea na nani. Wewe ni nani kwangu?"

Mzee alifikiri. Nilijua ni mdogo kwa mama kwa umri, na nilidhani atasema ndugu, au rafiki, au mtu wa chama.

"Mama yako ni binti yetu," alisema. "Mtoto wa binti yetu, sisi wote wanaume wa ukoo ni wajomba zake. Hata awe na mvi kutushinda. Mimi ni mjomba wako."

Mama hakuwahi kuwa na mjomba. Katika maisha yake yote hapajawahi kuja mtu wa upande ule, si kwenye arusi yake, si kwenye mazishi ya mama yake, si siku moja. Aliweka mikono juu ya magoti. Nikasogea nikidhani ni moyo, akanizuia kwa kidole. Alipoongea, ilitoka sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, sauti ya mtoto wa Majengo aliyeachwa mlangoni wenzake wakiondoka.

"Mjomba," alisema, "mmechelewa."

Mzee Kirwa akainamisha kichwa.

"Tumechelewa, mwanangu," akasema.